Taa ndogo ya asanseri

Wiki hii tuseme juu ya kitufe cha kuita asanseri katika majengo marefu ya mjini. Ukikibonyeza, vyuma viwili vidogo vya ndani vinagusana na habari inafika kwenye mashine. Ukitoa kidole, springi inakirudisha. Mashine ikiisha kupokea mwito, inawasha taa ya kitufe. Asanseri ikifika, inaizima. Kwa hiyo taa ikiwaka, kubonyeza tena na tena hakuleti asanseri mbio. Watoto waelezwe.

Umeme ukikatika mkiwa ndani, msilazimishe mlango: bonyezeni kitufe chenye picha ya kengele, mngoje. Moto ukitokea, asanseri iachwe. Tushuke kwa ngazi, tukiwashika watoto na wazee mkono.