Tuwape Jukwaa Wanaotunga Papo kwa Papo

Mtani akifika msibani hana karatasi mkononi. Angeiandaa lini, na kifo hakipigi hodi? Anakuta wafiwa wamejiinamia chini ya turubai, na hapo hapo anaanza kazi. Anavaa koti la marehemu, anaiga mwendo wake na namna alivyokuwa akikohoa, anadai deni la mbuzi ambalo eti babu wa marehemu alilikimbia. Makaburini anajilaza njiani, haondoki mpaka alipwe. Mjane ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana anajikuta amecheka, na baada ya kucheka anakubali uji.

Wazaramo na Wanyamwezi wamefanyiana hivyo tangu zama za misafara, wapagazi kutoka bara walipokuwa wakipita nchi za watu kuelekea Bagamoyo. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali, kisha ugomvi wao ukageuka utani. Sijui mahali pengine ambapo watu wamemkabidhi mchekeshaji kazi nzito kama hiyo: kuchekesha mbele ya maiti, bila mazoezi, na asimkosee mtu.

Naanza na msiba kwa sababu nina ombi, na ninajua jibu la haraka litakuwa nini. Nikisema tuvipe nafasi vichekesho vya papo kwa papo, yaani watu wawili watatu kusimama mbele yetu bila maneno waliyokariri, wakachukua neno moja kutoka kwa watazamaji na kulijengea mchezo hapo hapo, wengi watasema hayo ni mambo ya Wamarekani. Hapana. Wamarekani wameyapangia masomo na kuyakatia tiketi, na nitawasifu kwa hilo punde, lakini sisi tumekuwa nayo kitambo.

Wakazi wa Dar es Salaam waliokuwa watu wazima miaka ya 1990 wanavikumbuka vikundi vya sanaa vya TOT na Muungano. Ulikuwa unalipa kiingilio kimoja, unapata ngoma, sarakasi, ngonjera, kwaya, igizo, vichekesho na taarab. Igizo na vichekesho havikuwa na kitabu. Wasanii walikubaliana kisa, nani anaingia lini na anatoka vipi. Maneno yalizaliwa jukwaani. Neno likishangiliwa leo, Jumapili ijayo linarudi limenona. Likipokelewa kwa ukimya, basi limekufa. Kwa hiyo mhariri wa mchezo ule alikuwa yule mama aliyekaa mstari wa mbele na kitenge chake, aliyeamua acheke au asicheke.

Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, alikuwa mtu wa jukwaani miaka mingi kabla ya kanda na sidii kumleta sebuleni kwetu. Mtazame tena kwa makini. Anayekuchekesha zaidi si yeye anaposema. Ni yeye anaposikiliza, uso umekunjamana, akingoja mwenzake amalize ujinga wake ili aubebe na kuupeleka mbali zaidi. Filamu nyingi za Bongo zilipigwa namna hiyo: mwongozaji anaeleza tukio, kamera inawashwa, maneno mtajua wenyewe. Tumezisema sana filamu hizo kwa kukosa maandishi, na mara nyingi tulikuwa na haki, kwa sababu kisa kirefu kinataka kalamu. Lakini katika kuchekesha, kule kukosa maandishi ndiko kulikomwachia Majuto nafasi.

Lubumbashi nako kuna mfano ninaoupenda kuliko yote. Kundi la Mufwankolo lilikuwa likicheza kwa Kiswahili cha Katanga, redioni, kwenye televisheni na mbele ya watu, bila kuandika majibizano. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza juu ya msemo aliousikia wakati wa kula, juu ya firigisi ya kuku: kwamba madaraka huliwa mazima. Badala ya kumpa maelezo, wakatunga mchezo. Siku baada ya siku walibishana, wakajaribu tukio, wakalivunja, wakalijenga upya, mpaka likatoka igizo zima la chifu na watu wake wa kijijini. Hiyo ilikuwa Zaire ya Mobutu, wakati wa kupima maneno kabla hayajatoka mdomoni, na swali la nani ale firigisi peke yake lilichezwa watu wakicheka. Fabian aliyafuata mazoezi yale hatua kwa hatua na kuchapa kitabu mwaka 1990. Kiswahili kile kimehifadhiwa humo. Vichekesho vya TOT na Muungano havikubahatika hivyo. Vingi vimebaki vichwani mwa waliovishuhudia.

Sasa hao Wamarekani. Viola Spolin, mwalimu wa michezo wa Chicago, alifundisha watoto wa wahamiaji, na mwishoni mwa miaka ya 1930 alikuwa akisimamia maigizo katika mradi wa serikali wa kuwapa watu kazi. Watoto wale walitoka nyumba zenye lugha na desturi mbalimbali. Hakuwapa maneno ya kukariri; aliwapa michezo. Beba kioo kisichoonekana na mwenzako. Vuteni kamba isiyokuwepo. Kutokana na michezo hiyo, mwanawe Paul Sills na wenzake walifungua The Second City mwezi Desemba 1959, na ukumbi huo umelea wachekeshaji mpaka leo. Huko Kanada, mwaka 1977, Keith Johnstone alianzisha mashindano ya timu mbili za watunzi wa papo kwa papo, zenye waamuzi na alama, kwa sababu alitaka ukumbi wa maigizo uwe na kelele za uwanja wa michezo. Taifa lenye Simba na Yanga linahitaji kuelezwa zaidi?

Kanuni yao kubwa ni nyepesi kuieleza na ngumu kuitimiza: alichokupa mwenzako kipokee, kisha ongeza. Akikwambia, "Daktari, mguu wangu umeota majani," ukamjibu kwamba wewe si daktari, mchezo umekwisha na watu wanatazama saa zao. Ukimuuliza kama ni kisamvu au mchicha, na fungu anauza shilingi ngapi, mmeshaanza safari. Kwa hiyo mwenye utani wake mfukoni, aliouandaa nyumbani, huharibu. Lazima asikilize. Nimekaa katika vikao vingi vya mtaa na vya wazazi ambako kila mtu alikuwa anangoja tu mwenzake anyamaze ili atoe alilokuja nalo. Ningependa wajumbe wale wapitishwe kwanza kwenye hilo shamba la kisamvu.

Na kama burudani tu, bila kutafuta faida nyingine, naona ina utamu ambao klipu ya simu haiwezi kuwa nao. Klipu haikujui. Ilitengenezwa juzi kwa ajili ya kila mtu. Mchezo unaotungwa usiku huu Mbagala au Kisauni unajua kwamba leo maji yamekatika na kwamba jamaa wa mstari wa pili amechelewa kuingia na mishikaki mkononi. Kesho hautachezwa tena. Zaidi ya hapo, tunawaona wachezaji wakiwa hatarini. Tunajua hawajui kinachofuata, na wakipenya tunashangilia kama tuliopenya wenyewe.

Wakati mwingine hawapenyi. Usiku mwingine mchezo unadoda, na anayekuambia vinginevyo anakuuzia tiketi. Lipo pia jambo zito zaidi: mtu aliyebanwa jukwaani hukimbilia kilicho karibu, na kilicho karibu mara nyingi ni matusi, au kumwiga mlemavu, au kumdhalilisha mwanamke aliyekaa mbele. Hapa utani wa wazee una la kutufundisha, kwa kuwa ulikuwa na mipaka. Si kila mtu mtani wako, na asiye mtani wako akikugusa ni ugomvi. Wachezaji wapangiane mipaka hiyo kabla ya kupanda. Sisi tuliokaa chini tuna silaha yetu: mzaha mchafu tuunyime kicheko. Atausikia ukimya ule kuliko barua kumi za malalamiko.

Basi ombi langu ni hili. Wenye kumbi na baa, siku yenu ya kati ya wiki ambayo viti vinakaa vitupu, wapeni vijana wa mtaani saa mbili na kipaza sauti. Hawahitaji mandhari wala mavazi. Viti viwili vinatosha. Kamati za harusi, mmesikia mara ngapi mzaha uleule wa bwana harusi na jiko? Jaribuni watu wawili watakaoiuliza familia maneno matatu kuhusu maharusi na kuyageuza mchezo mbele ya wageni. Walimu, kipindi cha mwisho cha Ijumaa, wanafunzi wamechoka na ninyi pia: iteni wawili mbele, neno litoke darasani, dakika tatu. Mtasikia Kiswahili ambacho hakipo kwenye insha zao. Maafisa utamaduni, mashindano ya kwaya na ngoma mnayaandaa vizuri. Ongezeni na haya, kata kwa kata.

Nairobi tayari liko kundi la Because You Said So linalowaita watu ukumbini kwa kazi hii hii. Jina lao ni la Kiingereza, na sina ugomvi nalo, ila nangoja kuona makundi ya namna hiyo yenye majina ya kwetu yakijaza kumbi za Mombasa, Tanga, Unguja na Bujumbura kwa lugha yenye mafumbo na vijembe vingi kama hii.

Na ninyi wasomaji, kiingilio lipeni bila kutafuta mlango wa nyuma. Aliyewafurahisha mtunzeni, kama mnavyowatunza waimbaji wa taarab. Kaeni mbele, si nyuma karibu na kaunta. Simu ibaki mfukoni, maana mtu anayerekodiwa huogopa kukosea, na asiyethubutu kukosea hatatunga chochote. Wakiomba neno, msiwape "mapenzi" wala "siasa". Kila ukumbi huwapa hayo. Wapeni kitu cha mtaani kwenu: jina la kilima, tatizo la choo cha soko, chakula ambacho mama mkwe hakubali kupikiwa. Kisha tulieni muone watakipeleka wapi.