Afya ya Mwili: Mazoezi Wakati wa Mvua na Baridi

Mwezi wa Januari si mwezi wa kumpima mtu. Njia ni kavu, asubuhi ni njema, na karani aliyekula vizuri wakati wa sikukuu huona haya kufunga mkanda wake kwenye tundu la mwisho. Basi hununua viatu vya mpira, huamka alfajiri, hukimbia mpaka sokoni na kurudi, na majirani humsifu. Februari bado yumo. Kisha mwishoni mwa Machi mawingu hufunga, mvua ndefu huanza, barabara ya udongo hugeuka uji, naye husema atakwenda kesho. Kufika Juni baridi na manyunyu vimeingia, viatu vimeota kuvu chini ya kitanda, na mkanda umerudi palepale kwenye tundu la mwisho.

Jambo hili huwapata watu wengi wasio wavivu hata kidogo. Mtu huyohuyo hakosi kufika kazini kwa sababu ya mvua, wala haachi kukamua ng'ombe wake kwa sababu ya ukungu. Kosa lake ni kwamba aliyafanya mazoezi kuwa jambo la hamu, na hamu aliipata wakati wa jua tu.

Yafaa kwanza kumjua adui. Huko London, mwezi wa Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi za jioni, na mtu atokaye kazini hukuta giza limemtangulia mlangoni. Kenya haina taabu hiyo, maana Ikweta inapita katikati ya nchi. Nairobi jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini, mwaka mzima. Basi giza halina lawama hapa. Adui ni matope, mvua na baridi, na hao hawaji saa zote. Katika nyanda za juu mvua ndefu mara nyingi hunyesha baada ya adhuhuri na usiku, asubuhi ikawa kavu. Lakini mwezi wa Julai asubuhi ndiyo yenye ukungu na baridi kali, na jioni huwa na nafuu. Kwa hiyo mwenye kukimbia jioni atahamia asubuhi mwezi wa Aprili, na Julai atarudi jioni. Wengi hushikilia saa moja tu mwaka mzima, na saa hiyo ikiharibika huacha kazi yote.

Wazee wangali wanalikumbuka jina la Nyandika Maiyoro wa Kisii. Mwaka 1954 alikwenda Vancouver, katika nchi ya Kanada, pamoja na timu ya kwanza ya Kenya katika michezo ya Jumuiya ya Madola, akawa wa nne katika mbio za maili tatu. Mwaka 1956, katika Olimpiki ya Melbourne, alikuwa wa saba katika mbio za mita 5,000. Na mwaka 1960 kule Rome alikuwa wa sita. Msomaji na ahesabu: kati ya Melbourne na Rome kuna masika manne, na Kisii si mahali pa mvua haba.

Tena hesabu ya mwili si kali kama watu wanavyodhani. Mtu akikosa siku tatu au nne, hapotezi kitu cha maana. Pumzi ya mkimbiaji huanza kupungua baada ya majuma mawili hivi ya kukaa bure, na nguvu za misuli hudumu zaidi ya hapo. Basi mvua ya juma moja haimwangushi mtu. Kinachomwangusha ni kuona kwamba, kwa kuwa juma moja limekwisha haribika, na mwezi wote uende. Juma la pili lisipite bila kitu, hata kama kitu chenyewe ni kidogo. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lilisema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa kiasi kila juma, pamoja na kazi ya kutia misuli nguvu mara mbili. Zamani liliagiza kila kipande kisipungue dakika kumi. Sharti hilo limeondolewa, na sasa kila dakika huhesabiwa. Hii ni habari njema kwa mtu aliyefungiwa na mvua. Kuruka kamba verandani dakika tano, kuchuchumaa na kuinuka, kujiinua kwa mikono kutoka sakafuni, kutembea kwa haraka mpaka kituo cha mbele badala ya kupanda matatu mlangoni pa ofisi: yote yamo katika hesabu.

Mkulima akisoma haya huenda atacheka, akisema jembe lake ndilo mwalimu wake wa mazoezi. Ni kweli, lakini kwa miezi kadhaa tu. Katika Uasin Gishu na Trans Nzoia mahindi hupandwa Machi na Aprili, na palizi ikiisha mtu hukaa akingojea mavuno ya Oktoba na Novemba. Kulima kwenyewe mara nyingi ni kazi ya trekta. Halafu siku moja mkulima huyo, ambaye tangu Julai hakuinua kitu kizito kuliko kikombe cha chai, huinama juu ya gunia la kilo 90 na kulitupa begani. Mgongo hulia. Mahindi hubaki shambani na mvua ya vuli yaja. Na kama ana fedha hulipa vibarua kwa kazi ambayo angeifanya mwenyewe. Yampasa basi miezi ile ya kungojea ajizoeze mara mbili kwa juma: dumu la lita 20 lililojaa maji lina uzito wa kilo 20, nalo halikodishwi na mtu. Aliinue kwa kukunja magoti, mgongo ukiwa umenyooka, alichukue hatua hamsini, aliweke chini, kisha arudie. Gunia la Novemba halitakuwa mgeni kwake.

Kuna hatari moja ya wakati wa baridi ambayo hapana budi kuitaja. Watu hufunga madirisha, huwasha jiko la makaa chumbani, na humo humo wakaruka na kuhema kwa nguvu. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na kila mwaka huua watu waliolala. Anayehema sana huivuta kwa wingi zaidi. Jiko na litolewe nje kwanza. Mwili ukianza kazi utajipasha moto wenyewe. Na katika baridi mtu aanze polepole, kwa kutembea dakika kumi, kabla ya kukimbia.

Watu wa pwani wana shida ya namna nyingine. Karani wa Nyeri akihamishiwa Mombasa wakati wa kaskazi, asitake kukimbia siku ya kwanza kama alivyokimbia kwao. Mwili huhitaji juma moja au mawili kuzoea joto. Apunguze mwendo, atoke mapema, na anywe maji. Mwenye maumivu ya kifua, awe wa bara au wa pwani, aende kwa daktari kabla ya yote hayo.

Limebaki jambo moja ambalo makarani wanalijua kuliko watu wote, nalo ni daftari. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, ana desturi ya kuandika mazoezi yake kwa mkono. Karani huandika hesabu za watu wengine mchana kutwa. Mstari mmoja wa miguu yake mwenyewe hautamchosha. Aandike tarehe, hali ya hewa na alichofanya: "Mvua. Kamba, dakika nane." Mistari ya Aprili itakuwa mifupi kuliko ya Januari, na hilo si aibu. Ukurasa mtupu ndio wa kuogopwa.

Ama viatu vilivyoloa, visiwekwe karibu na moto, maana gundi hubanduka na ngozi hupasuka. Vijazwe karatasi za gazeti lililokwisha kusomwa na nyumba nzima, zibadilishwe jioni, na asubuhi vitavalika.