Mariga na kibali kilichomponyoka

Na Mwandishi Wetu

MCDONALD MARIGA alichaguliwa kuwa makamu wa rais wa Shirikisho la Soka la Kenya (FKF) Desemba 2024, akiwa mgombea mwenza wa Hussein Mohammed. Wapenzi wengi wa kandanda walifurahia sura mpya. Wachache walikumbuka kwamba afisi aliyokuwa akiingia ndiyo iliyomgharimu kwa kiasi kikubwa alipokuwa akisakata kabumbu ughaibuni.

Habari za kiungo huyo husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya bahati: kijana wa Nairobi, aliyesoma Kamukunji, akatwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya. Ni kweli, lakini ni nusu ya hadithi. Nusu ya pili imo katika faili za vibali vya kazi.

Alipoondoka Kenya mwaka 2005 hakwenda Uingereza wala Hispania, bali Sweden, katika klabu ya Enköping, na mwaka uliofuata akahamia Helsingborg, alikocheza pamoja na mkongwe Henrik Larsson. Sweden ilikuwa lango la wachezaji ambao nchi zao hazikuwa na jina. Januari 2007 Portsmouth ya Ligi Kuu ya Uingereza ikamtaka. Klabu zilikwisha kukubaliana. Kilichokosekana ni kibali.

Kanuni za Uingereza za wakati huo zilimtaka mchezaji kutoka nje ya Ulaya awe amecheza angalau asilimia 75 ya mechi za ushindani za timu yake ya taifa katika miaka miwili, na timu hiyo iwe miongoni mwa 70 bora duniani. Harambee Stars haikuwa karibu na nafasi hizo. Isitoshe, mwezi huo wa Januari Kenya ilikuwa imefungiwa na FIFA, adhabu iliyotolewa Oktoba 2006 kwa sababu ya migogoro ya viongozi wa soka na kuondolewa Machi 2007. Kijana alikuwa akiulizwa kiwango cha timu ya taifa ambayo wakubwa wake walikuwa wameiondoa uwanjani kwa ugomvi wa viti.

Akaelekea Italia. Parma ilimchukua mwaka 2007, ikashuka daraja mwaka 2008, ikapanda tena mwaka 2009 naye akiwa katikati ya dimba. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hicho ndicho kipindi chake bora zaidi, kuliko hata kile cha mataji.

Januari 2010 Uingereza ikabisha hodi tena, safari hii ikiwa ni Manchester City yenye fedha za Abu Dhabi. Kibali kikakataliwa kwa sababu ile ile. Waziri Mkuu wa wakati huo, Raila Odinga, akaingilia kati kumtetea, jambo lisilo la kawaida kwa uhamisho wa mchezaji mmoja. Huku barua na simu zikiendelea, dirisha la usajili lilikuwa likifungwa, na Februari 1 Mariga akasaini Inter Milan ya Jose Mourinho.

Miezi minne baadaye Inter ilikuwa na mataji matatu. Tusitie chumvi hapa: Mariga hakuwa nguzo ya kikosi hicho. Katika nusu fainali ya marudiano kule Barcelona aliingia dakika za mwisho kuchukua nafasi ya Samuel Eto'o, na katika fainali ya Mei 22 jijini Madrid, Inter ilipoifunga Bayern Munich 2-0, alibaki benchi. Hata hivyo medali ni medali.

Baada ya hapo mambo yalienda mteremko. Alipelekwa kwa mkopo Real Sociedad ya Hispania, akaandamwa na majeraha, akarudi Parma, klabu iliyotangazwa kufilisika mwaka 2015, kisha akaenda Latina ya Serie B ambayo nayo ilifilisika mwaka 2017. Alipitia pia Oviedo kabla ya kutundika daluga. Hakuwahi kucheza fainali za Mataifa ya Afrika.

Mlango uliomfungia ulikuja kumfungukia mdogo wake. Victor Wanyama alipitia Beerschot ya Ubelgiji, akaingia Celtic ya Scotland mwaka 2011, akaifunga Barcelona kwa kichwa Novemba 2012, na mwaka 2013 akanunuliwa na Southampton kwa pauni milioni 12.5, akawa Mkenya wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza. Kaka alikuwa amegonga mara mbili.

(Siasa pia haikumpokea. Novemba 2019 aliwania ubunge wa Kibra kwa tiketi ya Jubilee, akashindwa na Imran Okoth wa ODM, chama cha yule yule Raila aliyempigania mwaka 2010.)

Tangu mwaka 2021 Uingereza hutumia mfumo wa pointi, na ubora wa ligi anayotoka mchezaji una uzito mkubwa. Kwa hiyo kijana aliye Ubelgiji au Sweden leo ana njia ambayo Mariga hakuwa nayo. Lakini timu ya taifa iliyo nje ya 50 bora bado haimsaidii mchezaji wake, na Kenya ingali nje.

Hapo ndipo kazi ya makamu wa rais inapoanzia. Februari 2022 FIFA iliifungia Kenya tena, baada ya serikali kuliingilia shirikisho, na adhabu hiyo ikadumu hadi Novemba. Harambee Stars iliondolewa katika mechi za kufuzu Kombe la Afrika la 2023 bila kupiga hata mpira mmoja. Kwa mchezaji anayetafuta klabu ng'ambo, huo ni msimu mzima wa kimataifa usio na rekodi yoyote ya kumwonyesha wakala.

Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa uenyeji wa Kombe la Afrika la 2027. Waliokuwa na umri wa miaka 20 ilipotolewa adhabu ile ya 2022 watakuwa na miaka 25 mashindano hayo yakichezwa nyumbani.