Mazungumzo ya Nyumbani: Haki Zilizomo Katika Fungu la Nyanya



Mwezi huu nataka tuzungumze habari ya kitu kidogo kisichokosekana katika majiko yetu, nacho ni nyanya. Pengine msomaji atasema, "Mwalimu leo amekosa la kuandika, ametuletea mambo ya sokoni." Sivyo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono wake ndani ya lundo la nafaka, akakuta chini mna unyevu ilhali juu pakavu, akamkemea mwenye mali kwa kuificha aibu ya bidhaa yake. Ikiwa yeye aliona kuwa mambo ya sokoni ni mambo ya dini, sisi ni nani hata tuone haya kuyataja?

Kisa kilichonitia katika mazungumzo haya ni hiki. Chuoni kwangu hapa Tanga yuko kijana wa miaka 16. Wakati wa likizo alikwenda milimani kufanya kibarua katika shamba la nyanya. Aliporudi nilimwona macho mekundu na vidole vimebabuka, hata kushika msahafu kwamwia taabu. Nikamwuliza ana nini. Akasema kazi yake ilikuwa kubeba bomba mgongoni na kupiga dawa ya wadudu, wala hakupewa cha kufunika pua wala cha kuvaa mikononi.

Nikamwuliza, "Na baada ya kupiga dawa, mlingoja siku ngapi kabla ya kuchuma?"

Akasema, "Mwalimu, gari la mnunuzi likija leo, huchumwa leo, hata ikiwa dawa ilipigwa jana."

"Na nyinyi wenyewe mlizila?"

Akainamisha kichwa. "Hapana, Mwalimu. Za kula wenyewe zilikuwa na tuta lake, kando. Hizo hazipigwi dawa."

Jioni ile mama watoto aliandaa wali na kachumbari. Niliitazama ile sahani nisiweze kuila, wala nisiweze kusema kwa nini. Tumefundishwa kuwa imani ya mtu haikamiliki mpaka ampendelee nduguye lile analojipendelea nafsi yake. Basi tuta lile la kando lilikuwa ni ushahidi. Mwenye shamba alijua, na kwa kuwa alijua, alijitengea.

Lakini tusifanye haraka kumlaumu mkulima peke yake. Hebu tuitazame taabu yake. Yuko mdudu ambaye wakulima wa Tanzania humwita kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, na mwaka 2014 alikwisha fika Tanzania na Kenya. Kiwavi chake hutoboa jani na tunda, akaishi humo ndani, basi dawa inayopigwa kwa nje haimpati vizuri. Shamba likiachwa bila ya ulinzi, laweza kwisha lote. Mkulima aliyekopa fedha ya mbegu na mbolea huona mali yake ikiangamia mbele ya macho yake, naye hupiga dawa, akarudia, wengine wakachanganya dawa mbili au tatu katika bomba moja. Wadudu dhaifu hufa, wenye nguvu hubaki wakazaa, na kizazi kinachofuata hakiisikii tena dawa ile. Na katika kufa huko hufa pia nyuki na wadudu wengine wenye faida, na mvua ikinyesha huichukua sumu ikaipeleka mtoni, ambako watu wa chini huchota maji. Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini katika jambo hili huingia na jirani asiyeshika jembe.

Asidhani mtu kuwa haya ni mambo ya nchi maskini tu. Katika visiwa vya Martinique na Guadeloupe, vilivyo chini ya Ufaransa, wenye mashamba ya ndizi walitumia dawa iitwayo klodekoni kumwua mdudu wa migomba tangu mwaka 1972 mpaka 1993. Ufaransa yenyewe iliipiga marufuku mwaka 1990, lakini visiwa vile viliruhusiwa kuendelea kwa miaka mitatu zaidi, ili biashara ya ndizi isidhurike. Ndizi zenyewe hazikubeba sumu nyingi. Sumu ilibaki katika ardhi, ikaingia katika viazi na mazao mengine ya mizizi, ikashuka mitoni na pwani mpaka katika samaki. Wataalamu walipopima damu za watu wazima wa visiwa vile, zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa nayo. Waliokula ndizi ng'ambo walikwisha zisahau zamani. Waliozilima wangali wakilipa.

Sasa tujitazame sisi walaji, maana mkulima ni mmoja na walaji ni wengi. Tufikapo sokoni twafanyaje? Twachagua nyanya iliyong'aa, isiyo na doa wala tundu, na yenye alama ndogo twaisukuma kando kwa kidole. Muuzaji huona, akamwambia dalali; dalali humwambia mkulima; na mkulima huchukua bomba. Kwa hiyo sisi tusiopata kushika bomba tumo katika kazi ile. Kisha mkulima huyo huyo hulazimishwa kulijaza tenga mpaka lifurike, na viazi na vitunguu hufungwa lumbesa, gunia juu ya gunia, akalipwa bei ya moja. Sheria ya vipimo imelikataza jambo hili, na Qurani ilikwisha waonya wapunjao vipimo kabla ya sheria hiyo. Mtu anayedhulumiwa katika kipimo hatapata moyo wa kungoja siku za dawa zipite.

Nami sitajitoa. Yuko bibi mmoja mtu mzima ninayenunua kwake. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimpunguzia bei fungu lake mpaka naona uso wake umebadilika, nami nikatoka nikijiona hodari. Siku ile, baada ya maneno ya kijana, niliingia jikoni nikafunua kapu. Nusu ya nyanya nilizompunja bibi yule zilikuwa zimeoza. Nilimnyima senti zake, kisha nikazitupa jaani.

Wala si mimi peke yangu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2024 kuwa chakula kilichotupwa duniani katika mwaka 2022 kilipata tani bilioni 1.05, na katika kila tani 10, 6 zilitupwa majumbani. Chakula kinachooza jaani hutoa gesi inayozidisha joto la dunia. Na nyanya inapooza haiozi peke yake. Yamwagika pamoja nayo maji iliyonyweshwa, dawa iliyopigiwa, na vidole vya kijana yule. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-An'am, ametaja mabustani na mazao, akaturuhusu kula, akaamrisha haki itolewe siku ya kuvuna, na hapo hapo akakataza israfu. Tazameni jinsi haki na israfu zilivyowekwa mahali pamoja.

Basi yatupasa nini?

Kwanza, tusiikatae nyanya kwa doa. Doa hukatwa kwa kisu, lakini sumu iliyokwisha ingia ndani haikatwi. Tuzioshe nyanya kwa maji safi yanayotiririka, kwani huondoa sehemu ya dawa iliyo juu, ila tusidhani kuwa yaondoa yote.

Pili, tumwulize muuzaji zimetoka wapi na zimechumwa lini. Leo hatajua. Akiulizwa na watu 20, kesho atamwuliza dalali.

Tatu, tununue kwa kadiri ya chungu. Zikizidi, zipikwe ziwe rojo la akiba, au apewe jirani zingali nzima, si zikianza kunuka.

Nne, tusimkamue muuzaji mnyonge. Mbona nauli ya basi twalipa kimya?

Tano, nawaambia wenye mashamba: chupa ya dawa imeandikwa siku za kungoja, nazo ni amana baina yako na mtoto usiyemjua. Matunda yaliyoingiwa na kiwavi yaokotwe yafukiwe, na nyanya zisirudiwe shamba lile lile kila msimu. Na mtoto asipewe bomba. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 imekataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi ya hatari, hata shambani. Mtume ametuhimiza tumlipe mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka; sembuse kumrudisha kwao na macho mekundu!

Ama yule kijana, macho yamepona, alhamdulillahi, na vidole vyaendelea vizuri. Nyuma ya chuo tumepanda miche minne katika ndoo mbovu, twainywesha maji tuliyooshea mchele. Mmoja ulikufa, na mwingine umeliwa majani. Juzi ilikomaa nyanya ya kwanza, ndogo, ina doa ubavuni. Kijana akaikata, akalitoa doa, nusu akala yeye, na nusu akanipa mimi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kula kilicho halali na kizuri, na atuepushe na dhuluma tunayoijua na tusiyoijua. Wabillahi tawfiq, wassalaam.