Kabla ya Kuing'arisha Sura, Kagua Kioo

Leo naomba nizungumzie jambo ambalo wengi mtasema ni dogo, la watu wa kompyuta, lakini mimi naona linatuhusu sote: picha tunazopiga kwenye shughuli zetu, na mashine tunazozitengenezea.

Hapa Toronto msimu wa mahafali ni Juni, halafu tena Novemba. Mtu kavaa joho, kamaliza miaka minne ya kubeba boksi usiku na kusoma mchana, nyumbani wanasubiri picha ya kutundika sebuleni. Yule mwenzetu anayejua Photoshop anapewa memori kadi, anakaa nayo wiki mbili, na picha zikirudi nusu yetu tumekuwa weupe kama tumemwagiwa unga wa sembe, nusu nyingine yanaonekana meno na macho tu. Ukiuliza, unajibiwa kwamba ngozi yetu ni ngumu kupiga. Na kama programu ilikuwa inakwama njiani, hukumu ni moja: laptopu imekufa, nunua mpya.

Mimi sikubaliani na majibu yote mawili. Mara nyingi tatizo si ngozi wala si laptopu. Ni kadi ya grafiki, draiva na kioo kutoelewana na programu, na hayo hutengenezeka bila hela au kwa hela kidogo. Tunachokosa ni uvumilivu wa kukagua kabla ya kutoa hukumu.

Nianze na hili la kukwama. Kadi ya grafiki ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye kioo. Zamani Photoshop ilikuwa ikifanya kazi zake karibu zote kwa prosesa. Kuanzia toleo la CS4 la mwaka 2008 ikaanza kuitumia kadi kukuza na kuzungusha picha, na kila toleo lililofuata limeirundikia kadi kazi zaidi. Lightroom nayo ikafuata mwaka 2015. Sasa kati ya programu na kadi yuko mkalimani anayeitwa draiva. Mkalimani akiwa wa zamani na programu ni mpya, yanatokea maajabu: miraba myeusi juu ya picha, brashi inayochelewa nyuma ya mkono wako, kioo kuwa cheusi kidogo kisha kurudi. Hili la mwisho linawatisha watu sana, wanadhani kadi imeungua. Si lazima. Windows ikiona kadi haijajibu kwa sekunde 2, inaizima na kuiwasha tena, basi.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Fungua mipangilio ya Photoshop, nenda sehemu ya utendaji, ondoa alama kwenye matumizi ya kadi ya grafiki, funga programu na uifungue upya. Maajabu yakiisha, mchawi umeshamjua, ni draiva. Usiridhike kuishi hivyo, maana programu itakuwa nzito na vitu vingine havitafanya kazi kabisa. Nenda kwa mtengenezaji wa kadi yenyewe, awe NVIDIA, AMD au Intel, uchukue draiva mpya huko, usitegemee ile Windows iliyokuletea. NVIDIA tangu 2019 wanatoa draiva za aina mbili, moja ya wacheza gemu na moja ya watu wa picha na video. Chukua hiyo ya pili.

Kipimo cha pili ndicho ninachokipenda, na sijui kwa nini watu hawakitumii. Ukiona mistari au madoa ya ajabu, piga picha ya skrini, si kwa simu, kwa kompyuta yenyewe. Kisha itume kwa rafiki aitazame kwenye mashine yake. Akiona mistari ileile, kosa liko kwenye programu, draiva au kadi. Asipoiona, basi picha imetoka kwenye kadi ikiwa salama, ugonjwa uko mbele yake: kebo au kioo. Kwa dakika mbili umejua kama unahitaji draiva ya bure, kebo mpya au fundi.

Tena laptopu nyingi zina kadi mbili, ndogo ya ndani ya prosesa na kubwa ya kujitegemea. Windows mara nyingine inaipa Photoshop ile ndogo ili kuokoa betri, na wewe unalalamika kwamba ulidanganywa dukani. Kwenye mipangilio ya onyesho unaweza kuiamuru itumie kubwa. Na jamani, ukiwa bwenini na hita inachemka, usiiweke laptopu juu ya blanketi. Matundu ya hewa yakizibwa kadi inapata homa na kupunguza kasi yenyewe.

Hayo ni ya mashine. Sasa nije kwenye sura zetu.

Mtu anayehariri picha haihariri picha, anahariri kile anachokiona kwenye kioo. Kioo kikidanganya, mkono wake unasahihisha uongo, na sahihisho hilo ndilo linaloingia kwenye faili na kwenda nyumbani. Mfano: mwenzetu ameunganisha laptopu kwenye televisheni ya sebuleni kwa kebo ya HDMI, apate nafasi. Kompyuta huhesabu mwanga kutoka 0 mpaka 255. Televisheni nyingi zimezoea hesabu ya 16 mpaka 235. Kadi ikituma ya kwanza na televisheni ikaipokea kama ya pili, kila kilicho chini ya 16 kinakuwa cheusi tii, na vilivyo juu yake kidogo vinazama pia. Kwenye picha ya mtu mweupe aliyesimama juani hutaona tofauti kubwa, labda kwenye nywele. Kwenye picha ya Mjaluo au Mdinka aliyepigwa jioni ukumbini, nusu ya shavu imepotea. Mhariri anaona giza, anavuta mwanga juu, anaona afadhali. Faili ikifika kwenye kioo kizima, mtu ana rangi ya majivu.

Na kinyume chake kipo. Kadi inaidhania monita kuwa televisheni, inatuma 16 mpaka 235, weusi wote unageuka kijivu kilichopauka. Mhariri anaongeza giza. Huyo ndiye anayetuletea meno na macho. Dawa ya yote mawili ni sehemu moja kwenye mipangilio ya kadi, panapochaguliwa upeo kamili au upeo mdogo wa rangi, na kuhakikisha televisheni nayo imewekwa vivyo hivyo. Ni kazi ya dakika tano.

Kuna pia ile taa ya usiku inayogeuza kioo kuwa cha manjano ili usingizi uje. Sisi wanafunzi tunahariri saa nane za usiku, kioo kimeshakuwa rangi ya chai, mhariri anaongeza bluu ili kusawazisha, asubuhi watu wote wanaonekana wana baridi yabisi. Izime kabla ya kugusa picha. Na kama picha inaonekana ya manjano ndani ya Photoshop lakini sawa ukiifungua kwingine, hilo halihusiani na kadi. Ni profaili mbovu ya monita, mara nyingi iliyokuja na monita yenyewe. Iondoe, weka sRGB, ile kawaida iliyoandaliwa na HP na Microsoft mwaka 1996, uone tofauti. Vioo vya bei rahisi navyo vina lao: vingi vina ngazi 64 tu za mwanga kwa kila rangi badala ya 256, na nyingine zinaigizwa kwa kuwashawasha pikseli. Sehemu za giza ndipo mabaka yanapoonekana, na ukiinamisha kioo kidogo sura inabadilika rangi. Kaa sawa mbele yake, usihariri ukiwa umelala.

Kuna watakaosema naleta mambo ya rangi kwenye suala la kebo. Sikuyaleta mimi, yalikuwepo. Profesa Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, hapo Montreal tu, alichapisha mwaka 2009 utafiti juu ya kadi zilizoitwa Shirley. Kodak walikuwa wakizituma kwenye maabara za kusafishia picha, zina sura ya mwanamke mweupe, na fundi alisawazisha mashine mpaka yule mama aonekane vizuri. Yeye ndiye alikuwa kipimo cha dunia nzima. Nairobi, Dar, Kampala, picha zetu za harusi na za pasipoti zilipita kwenye filamu iliyotengenezwa kwa kumfikiria yeye. Na kwa mujibu wa Roth, miongoni mwa waliowafanya Kodak waboreshe filamu kwa rangi za kahawia ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye matangazo. Kabati lilisikilizwa. Mwaka 2021 Google walipotoa simu ya Pixel 6 wakaitangaza kamera yake kwamba imerekebishwa kwa ngozi za aina zote, maana yake hata wao walikiri kwamba kazi ilikuwa haijaisha.

Kwa hiyo mtu akiniambia ngozi yetu ni ngumu, namuuliza ngumu kwa kipimo cha nani. Na hapo ndipo ninapowalaumu kidogo wahariri wetu. Vifaa vimetengenezwa bila sisi, sawa, lakini kitufe cha kung'arisha tunakibonyeza wenyewe. Wapo wanaomng'arisha bibi harusi kwa makusudi, wakidai ndivyo wateja wanavyotaka. Huo ni ugomvi mwingine na siumalizi leo. Ninachosema, kwanza hakikisha unaona rangi yake halisi, ndipo uamue kama una haki ya kuibadilisha.

Na si kwamba tuko mbali na wanaotengeneza mambo haya. Kadi za Radeon asili yake ni hapa hapa. Kampuni ya ATI (si ile "ati" yetu ya kushangaa) ilianzishwa mwaka 1985 na wahamiaji waliotoka Hong Kong, akina Kwok Yuen Ho, na makao yake yalikuwa Markham, mwendo wa basi kutoka mjini. AMD waliinunua mwaka 2006 kwa dola za Marekani bilioni 5.4 hivi, na mpaka leo wana ofisi kubwa Markham. Tena mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walifundisha mtandao wa kutambua picha, ule wa AlexNet, kwa kadi mbili tu za gemu, GTX 580, na ndizo zilizoamsha akili bandia ya leo. Wanafunzi wa uhandisi mnaotafuta nafasi za kazi, naongea na ninyi. Mezani pale panapoamuliwa kioo kionyeshe nini, viti vipo.

Narudi kwenye chama chetu. Kila mwaka tunatenga hela za fotografa, na hatujawahi kutenga hata senti ya kupima kioo. Kifaa cha kupimia rangi unakiweka mbele ya monita kwa dakika chache kwa mwezi, na kimoja kinaweza kuhudumia chama kizima. Programu ya DisplayCAL ni ya bure, na hata Windows 7 ya mwaka 2009 ilikuja na njia ya kusawazisha kioo kwa macho, ambayo bado imo ukiitafuta. Pia tukubaliane kwamba kabla ya picha 300 kuchapishwa, zichapishwe 3 za sura tofauti, mweusi sana, maji ya kunde na mwepesi, zitazamwe mchana karibu na dirisha na wahusika wenyewe.

Kuhusu laptopu "zilizokufa" mnazonipa nizitupe, msizitupe. Niliyopewa mwezi uliopita ilihitaji draiva na kupulizwa vumbi, sasa inafanya kazi kwa ndugu yangu Morogoro. Kabla hujaenda College Street karibu na Spadina kutafuta kadi mpya, niletee niikague Jumamosi, au umpelekee yeyote wa uhandisi aliye karibu nawe. Njoo na chaja yake, na kebo ileile unayoitumia nyumbani, siyo ya kuazima.