Bamia Haifiki Gotini

Msalimie mtu yeyote aliyevuka miaka 60, na kabla hujamaliza shikamoo utakuwa umeshapewa taarifa ya magoti. "Marahaba mwanangu, tupo, ila haya magoti tu." Ukivuta kigoda ukasikiliza, utaambiwa na chanzo chake: mafuta yameisha. Wengine watasema ute umekauka. Kasema nani? Kasema jirani, kasema muuza dawa wa sokoni, kasema mpwa anayesomea uuguzi, na mara nyingi kuliko inavyostahili, kasema daktari. Tiba nayo inafuata mkondo huohuo, kwamba kilichopungua kiongezwe. Kwa asiye na fedha kuna bamia, mlenda na supu ya makongoro. Kwa mwenye nazo kuna sindano ya kuongeza ute. Na kwa kuwa chuma kisicho na grisi kikisuguana huisha, mgonjwa anaagizwa akae, atulie, asije akalimaliza goti lililobaki.

Imani hii ni ya uongo, na uongo wake si wa kuchekewa. Inakula akiba za watu, na inawakalisha chini wazee ambao ugonjwa wenyewe ungewaacha watembee.

Tuanze na ute. Upo kweli. Hutengenezwa na utando mwembamba unaokizunguka kiungo kwa ndani, na goti zima lina mililita chache tu, pungufu ya kijiko cha chai. Sasa nenda kliniki ya mifupa ukaone kinachofanyika goti lililochakaa linapovimba. Ile mibonyeo miwili ya pembeni mwa kilegesambwa imejaa, goti limekuwa la duara. Daktari anasafisha ngozi, anaingiza sindano kwa ubavuni, anavuta taratibu, na bombani kinapanda kimiminika cha manjano kinachong'aa. Bomba la mililita 20 linajaa, pengine linachukuliwa la pili. Kilichotoka hapo ndicho hichohicho kiitwacho ute, kimetoka katika goti ambalo mwenyewe kaapa kwamba limekauka, na mgonjwa anashuka kitandani akisema amepata wepesi.

Kuna chembe ya ukweli, na haki yake niitoe. Ute wa goti linalougua huwa mwepesi, haunati kama zamani, kwa sababu asidi ya hailuroni inayoupa uzito hupungua nguvu. Lakini huo ni mmoja tu kati ya mabadiliko mengi. Gegedu, ile nyama ngumu yenye uso laini inayofunika ncha za mifupa, limelika. Mfupa ulio chini yake umebadilika. Utando umepata uvimbe. Msuli wa paja umesinyaa. Tena gegedu lenyewe halina neva, kwa hiyo haliumi. Kinachouma ni mfupa, utando na nyama za jirani. Mgonjwa huonyeshwa eksirei, mifupa imekaribiana, akaambiwa "unaona hapa, hakuna mafuta." Eksirei haipimi ute. Nafasi iliyopotea pale ilikuwa ya gegedu, na wapo watu wenye picha mbaya kuliko hiyo wanaopanda ngazi bila kuguna.

Bamia sitaipotezea muda. Utelezi wake ni nyuzi za mmea, na nyuzi hizo zinapita tumboni na kuendelea na safari inayojulikana. Hakuna njia inayotoka kwenye utumbo ikaishia gotini ikiwa imebeba mlenda. Makongoro nayo yakishafika tumboni humeng'enywa kama nyama nyingine yoyote, na mwili hupeleka vipande vyake unakotaka wenyewe. Kula bamia, ni mboga nzuri na ugali wa dona haujalalamika. Ila usiiite dawa.

Sindano ya ute ndiyo yenye madhara kwenye mfuko. Wazo lake lilizaliwa kwa wanasayansi wenye nia njema: kama hailuroni imepungua gotini, basi ichukuliwe kwingine ikapandikizwe. Dawa za mwanzo zilitengenezwa kwa hailuroni iliyokamuliwa kwenye upanga wa jogoo, yaani kile kinyama chekundu cha kichwani. Marekani iliziruhusu mwaka 1997. Mwaka 2022 jarida la BMJ likachapisha uchambuzi wa majaribio 169 ya sindano hizo, yenye washiriki zaidi ya 20,000. Katika majaribio makubwa yaliyolinganisha sindano halisi na ya kuigiza, tofauti ya maumivu ilikuwa kama milimita mbili kwenye mstari wa milimita 100. Mgonjwa hawezi kuitambua tofauti ya namna hiyo. Na waliochomwa dawa halisi walipata matatizo makubwa ya kiafya zaidi ya wenzao. Kama goti lingekuwa linaumwa kwa kukosa mafuta, basi kulitia mafuta kungeliponya. Limetiwa, halikupona.

Hapo nitajibiwa na shahidi: "Mama yangu alichomwa, na wiki ya pili alikwenda sokoni kwa miguu." Sibishi. Ila nimsimulie shahidi huyo kilichotokea Houston, Texas. Daktari bingwa wa mifupa, Bruce Moseley, alikuwa akifanya upasuaji wa kamera, ule wa kutoboa matundu madogo, kusafisha goti na kukwangua gegedu lililochanika. Wagonjwa walikuwa wakimshukuru. Yeye na wenzake wakaamua kuupima. Wakachukua wanajeshi wastaafu 180 waliokubali kwamba huenda wakafanyiwa upasuaji wa kuigiza tu. Kura ikaamua. Waliopangiwa maigizo walichanjwa ngozi vizuri, daktari akaomba vifaa kwa sauti, goti likakunjwa na kukunjuliwa, maji yakamwagwa ili isikike kana kwamba linaoshwa, kisha wakashonwa. Ndani ya goti hakikuingizwa kitu. Matokeo yakachapishwa mwaka 2002 baada ya kuwafuatilia kwa miaka miwili: waliosafishwa kweli hawakuwa na nafuu zaidi ya walioigiziwa. Wafini wakafanya jaribio la aina hiyo kwa wagonjwa 146 wenye kisahani cha gegedu ndani ya goti kilichochanika kwa uchakavu, wakapata jibu lilelile mwaka 2013. Mwaka 2017 jopo la wataalamu la BMJ likapendekeza kwa nguvu kwamba upasuaji huo usifanywe kwa takribani wagonjwa wote wenye magoti yaliyochakaa.

Sasa rudi kwa mama aliyekwenda sokoni. Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, na hakuna anayekwenda kuchomwa sindano siku ambayo goti limetulia. Anakwenda lilipofika kileleni. Kutoka kileleni, njia inayobaki ni ya kushuka, na aliyekuwa na sindano mkononi siku hiyo ndiye anayepewa sifa. Ongeza chumba kisafi, daktari mpole na fedha nyingi zilizolipwa. Hata maji ya chumvi yatafanya kazi kwa muda.

Sikatai tiba zote za tundu dogo. Zimekuwa nyingi, na kila moja ina kesi yake. Sindano ya steroidi hutuliza goti lililovimba kwa wiki kadhaa, na kwa mtu anayetaka kusafiri kwenda harusini ni msaada halali. Lakini kuirudia bila kikomo ni jambo jingine: jaribio lililochapishwa mwaka 2017 liliwachoma wagonjwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, na waliopata steroidi walipoteza gegedu zaidi ya waliochomwa maji ya chumvi, wala maumivu yao hayakuwa pungufu. Sindano ya plazma ya damu ya mgonjwa mwenyewe, ambayo inauzwa kwa maneno matamu ya "kujitibu kwa damu yako," ilipimwa Australia kwa watu 288 na kushindwa kuyapita maji ya chumvi, mwaka 2021.

Kuna pia kuunguza, kwa joto la mawimbi ya redio, vineva vinavyopeleka habari za maumivu kutoka gotini. Watafiti wa Korea Kusini walichapisha jaribio lake mwaka 2011, na nafuu yake huhesabiwa kwa miezi, kwa sababu neva huota tena. Na kuna njia iliyoanzishwa na Mjapani Yuji Okuno, ya kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa na kuviziba vijishipa vipya vinavyoota kwenye utando uliovimba. Hii ya pili bado majaribio yake yanavutana. Ile ya kwanza naiheshimu: kwa bibi wa miaka 80 mwenye moyo dhaifu, asiyeweza kufanyiwa upasuaji wa kubadilisha goti, kumpunguzia maumivu kwa miezi kadhaa si jambo dogo. Lakini tazama zinagusa nini. Moja inagusa neva, nyingine inagusa damu. Hakuna kati ya hizo inayotia tone la ute.

Madhara makubwa kuliko yote hayako kwenye sindano. Yako kwenye kiti. Ijumaa msikitini safu ya viti inaongezeka, na kanisani wakati wa kupiga magoti nusu ya benchi imebaki imeketi. Nyumbani bibi ameondolewa kazi zote kwa upendo: "Usiinuke bibi, utaletewa." Baada ya miezi michache msuli wa paja umekonda, goti linatetereka, choo cha kuchuchumaa hakiwezekani tena, na ngazi ya daladala imekuwa mlima. Ndipo familia inaposema tuliwaambia, mafuta yameisha.

Gegedu halina mishipa ya damu. Linapata chakula chake kwa kubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, yaani kwa kutembea. Kulipumzisha moja kwa moja ni kulinyima. Na msuli wa paja ndio unaobeba sehemu ya mzigo ambao goti lingebeba peke yake. Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 156 wa hospitali za jeshi la Marekani: nusu walichomwa steroidi, nusu wakapelekwa kwa fiziotherapia. Baada ya mwaka mmoja waliofanya mazoezi ndio waliokuwa na maumivu kidogo na uwezo zaidi. Denmark ilianza mwaka 2013 mpango wa nchi nzima wa kuwafundisha wagonjwa kuhusu magoti yao na kuwafanyisha mazoezi yanayosimamiwa, vipindi 12, na nchi nyingine zimeuiga. Mashine ya ajabu haihitajiki. Zoezi la kwanza ni kukaa kwenye kiti kigumu, kukunja mikono kifuani na kuinuka polepole, kisha kukaa polepole zaidi. Goti likiuma kidogo endelea. Likiuma mpaka usiku au likivimba kesho yake, punguza idadi, usiache.

Hapa kuna hoja ya maana kuliko zote ninazoletewa. Mama wa kijijini analima tangu alfajiri, anabeba maji na kuni; kama mwendo ni dawa, mbona magoti yake ndiyo ya kwanza kuuma? Kwa sababu kazi siyo zoezi. Jembe halikupi kipimo, halikuongezei mzigo kidogo kidogo, halikupi siku ya kupumzika. Mtu anainama saa nzima kwa mkao mmoja, kisha anajitwisha ndoo na kushuka bondeni. Mama huyo anahitaji kupunguziwa ndoo na kuongezewa nguvu za paja kwa mpango, na ndilo jambo ambalo "pumzika, mafuta yameisha" haliwezi kumpa. Wala hawezi kupumzika. Shamba halilimwi na ushauri.

Kwa wa mjini lipo la uzito, ambalo tunalikwepa kwa sababu kitambi na nyonga bado tunavihesabu kuwa dalili za kushiba vyema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hupunguza takribani kilo nne za mzigo kwenye goti katika kila hatua. Hakuna sindano iliyowahi kuahidi hivyo.

Madaktari nao wana lawama yao. Wengi wanajua haya yote, lakini foleni ni ndefu, na "mafuta yameisha" ni maneno mawili yanayomridhisha mgonjwa na kumtoa chumbani. Yanamtoa na karatasi ya diklofenaki, dawa ya maumivu, ambayo ataitumia miaka mitatu, tumbo na figo vikilipa. Tanzania chuo cha fiziotherapia kipo hospitali ya KCMC, Moshi, na Kenya vyuo vya tiba vya KMTC vinatoa wataalamu hao; ila uliza ni mgonjwa gani wa goti aliyeandikiwa fizio kabla ya kuandikiwa sindano. Goti likishaharibika kabisa, upasuaji wa kulibadilisha upo, unafanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na kwingineko, na kwa anayeuhitaji ni tiba ya kweli. Na goti lililovimba ghafla, likawa jekundu na la moto pamoja na homa, hilo si la mazoezi wala la bamia. Ni la hospitali siku hiyohiyo.

Kwa hiyo wewe uliyeko Maskati au Minneapolis, unayepigiwa simu utume fedha za sindano ya mama, muulize kwanza ameonwa na mtaalamu wa fiziotherapia mara ngapi. Kama jibu ni hajaonwa, fedha hizo zilipie vipindi vya mazoezi na nauli ya kwenda na kurudi. Sindano itakuwepo hata baada ya miezi mitatu.