Kifumbu Kikitoboka, Mbuzi Haitupwi

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ikiwa hivyo ndivyo, ndugu msomaji, imekuwaje sisi watu wa leo tukayakusanya macho, masikio, mkoba wa fedha na daftari la majina, tukavitia vyote ndani ya kidude kimoja cha kioo, ambacho kikianguka mara moja tu basi nyumba nzima imeanguka?

Siulizi kwa kutaka mjadala. Yamenikuta. Usiku mmoja nilishuka basi Mombasa nikitoka bara. Rununu yangu, ambayo ndiyo iliyokuwa saa yangu, redio yangu, maktaba yangu na mfuko wangu wa fedha, ikaniponyoka mkononi ikaangukia lami. Kioo kikafanya utando wa buibui, kisha pakawa giza. Mwenye tuktuk ataka nauli yake. Fedha ninazo, na papo hapo sina! Nikasema nimwazime mtu simu nimwite mwanangu. Nambari yake je? Siijui. Mimi niliyehifadhi juzuu chuoni kwa ubao na kalamu ya mwanzi, nilishindwa kuzikumbuka tarakimu kumi za mwanangu wa kumzaa.

Aliyeniokoa ni muuza kahawa. Alitoa kabambe yake, ile simu ya vitufe inayodharauliwa na vijana, akaichomoa kadi yake akaitia yangu. Dakika haikupita, fedha zangu za M-Pesa zikawa zimefufuka, nikalipa nauli nikenda zangu. Kesho yake fundi akanieleza kwamba kioo cha ile rununu kubwa kimegandishwa kwa gundi, na kukibadili ni karibu bei ya simu nyengine.

Hapo ndipo nilipokaa nikafikiri. Kilichonistiri si ukubwa wa simu yangu wala ujanja wake. Kilichonistiri ni kile kipande kidogo kuliko ukucha, ambacho kiliweza kutoka katika mwili uliokufa kikaingia katika mwili ulio hai.

Tazama jikoni kwetu Pwani. Mbuzi hukuna nazi, kifumbu huchuja tui, kinu na mchi vina kazi yao. Kifumbu kikitoboka, hununuliwa chengine kwa fedha chache, na wali wa nazi ukapikwa siku ile ile. Sijamsikia mama aliyeitupa mbuzi yake kwa sababu kifumbu kimechakaa. Lakini sisi betri ikichoka, au kioo kikipasuka, tunatupa simu, kamera, redio na saa kwa pamoja, kisha tunakwenda kukopa ili tununue vyote upya.

Wataalamu nao wamewahi kuliona hili. Mwaka 2013 Motorola, wakati huo ikiwa mali ya Google, ilitangaza mradi ulioitwa Ara, wa simu ya vipande: ukitaka kamera bora unabadili kipande cha kamera, betri ikichoka unabadili betri. Mwaka 2016 Google ikaufunga mradi huo kabla simu haijafika sokoni. Mwaka huo huo LG ilitoa simu yake ya G5, ambayo kitako chake huchomolewa kikatiwa chengine. Nayo haikupata wanunuzi wa kutosha, na mwaka 2021 LG ikajitoa kabisa katika biashara ya simu.

Wako wanaovitaja visa hivi kama ushahidi kwamba vipande havifai. Mimi nasema wamekosea dawa kwa kukosea ugonjwa. Kila kiungo kinachochomolewa huongeza unene, uzito na gharama, na kipande cha kampuni moja hakiingii katika simu ya kampuni nyengine. Kosa lilikuwa ni kutaka vipande viishi katika mwili mmoja. Mbuzi na kifumbu havikupigiliwa misumari pamoja. Hukutana kwenye nazi. Na vyombo vya intaneti vina mahali pao pa kukutania, napo ni hewani. Wai-fai, ambayo kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1997, si ya kampuni moja. Chombo cha Kichina na cha Kikorea husikilizana humo bila mkalimani.

Basi mimi nimejipanga upya. Mfuko wa shati una kabambe, ya kupigia simu na kutunzia fedha; chaji yake hudumu siku kadhaa. Mkobani mna kijisanduku cha intaneti, kile wauzaji wakiitacho mifi, chenye kadi yake peke yake. Pembeni yake pana tableti ya mtumba, ninayosomea na kuandikia makala haya. Tableti ikiharibika, bado napigiwa simu. Kijisanduku kikiharibika, fedha zangu ziko salama. Na nikitaka kulala, nazima intaneti bila kuzima simu ya wagonjwa na misiba.

Utaniambia: mshika mbili moja humponyoka. Kweli, vitatu ni vingi kuchaji na vingi kubeba, na kijana anayepiga picha za harusi na kuzituma papo hapo hawezi kunifuata. Simlazimishi. Lakini vyangu nilivinunua kimoja kimoja, kwa kadiri ya mfuko, na hakuna hata kimoja ninachokiogopea kwa usiku kucha.

Ninaloogopa ni jengine. Mwaka 2022 simu za iPhone 14 zilizouzwa Marekani zilitoka bila tundu la kadi, na mwaka 2025 ikaja iPhone Air, ambayo haina tundu hilo popote duniani. Kadi imeyeyushwa ndani ya mwili. Wenyewe wanatwambia ni usalama, kwani mwizi hawezi kuitoa. Sawa. Lakini na mimi siwezi kuitoa. Siku simu hiyo itakapokufa usiku kituoni, muuza kahawa na kabambe yake watanifaa nini? Kuihamisha laini kutahitaji mtandao au idhini ya kampuni, si ukucha wa kidole.

Kwa hivyo, wewe unayekwenda dukani, kabla hujauliza ina kamera ngapi, uliza kwanza: kadi yatoka? Betri yabadilika? Wauzaji husikia swali linaloulizwa na wengi.

Kifumbu kikitoboka, mbuzi haitupwi kando,
Kalamu ikivunjika, wino hauwi uvundo,
Vingi nilivyoviweka, kila kimoja na tendo,
Kimoja kikinitoka, vyengine vyaniauni.